Krimu Imekubabua? Namna ya Kumfikia Mtengenezaji Ukiwa Unguja au Pemba

Wiki haipiti bila mtu kuniletea picha ya uso uliobabuka na kuniuliza amshitaki nani. Nami humuuliza matatu. Tyubu iko wapi? "Nimeitupa, nilikuwa na hasira." Boksi? "Hilo nililitupa siku ile ile niliyonunua." Risiti? "Hawakunipa, na mimi sikudai." Baada ya hapo sina njia ya kumsaidia, na aliyemuuzia anaendelea kuuza.

Mwongozo huu umetokana na majibu hayo matatu. Unahusu kitu chochote cha afya au ngozi kilichofungashwa na kuuzwa dukani kikakudhuru: krimu, losheni, poda ya mtoto, dawa ya kikohozi, vidonge vya kupunguza unene, dawa za miti shamba za kiwandani. Nitatumia zaidi mfano wa krimu za kung'arisha, maana ndizo zinazoniletea watu wengi.

Tuelewane mapema kuhusu lengo. Ukirudishiwa elfu kumi na mbili yako ukanyamaza, duka limepona, kampuni haijui hata kama upo, na kesho mwenzako pale Mwanakwerekwe ananunua tyubu iliyokuwa imepangwa pembeni ya yako. Tunachotaka ni watatu wajibu: aliyekuuzia, aliyeingiza nchini, na aliyetengeneza.

Kusanya hivi kwanza

- Bidhaa yenyewe, hata ikibaki tone moja, pamoja na kifuniko chake
- Boksi na karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani
- Risiti, au ujumbe wa malipo kwenye simu ikiwa ulilipa kwa simu
- Mifuko miwili safi ya plastiki inayofungika, na kalamu ya wino usiofutika
- Daftari moja la jalada gumu, la kazi hii tu
- Simu yenye kamera
- Cheti cha hospitali
- Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi na nakala zake tatu

Ukikosa kimoja usikate tamaa. Ukikosa bidhaa yenyewe, kazi inakuwa ngumu sana, kwa hivyo kama bado haijatoka nyumbani, inuka sasa hivi ukaiokoe kwenye pipa la taka kabla hujasoma mbele.

Hatua ya 1: Nenda hospitali, na taja jina la bidhaa

Acha kutumia, osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo au asubuhi yake. Macho au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi.

Kama umeitumia kwa miezi, mweleze daktari muda wote bila kuona haya. Baadhi ya krimu za kung'arisha zina steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi), kama clobetasol au betamethasone. Ngozi iliyozoea steroidi, ikiikosa ghafla, inaweza kuwaka kwa wekundu na muwasho kuliko mwanzo, na wengi hapo huirudia krimu wakidhani ndiyo dawa yao. Daktari anaweza kukuongoza kuiacha bila kuumia zaidi.

Nyengine zina zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaingia mwilini, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Mtoto unayelala naye, anayekushika mashavu na kujifuta kwa taulo lako, naye anaweza kuipata. Ukishuku zebaki, muulize daktari kuhusu kipimo cha mkojo na cha figo, na umtaje mtoto.

Sasa sehemu inayowaangusha watu wengi. Nimeona vyeti vingi vilivyoandikwa "upele usoni", basi. Cheti kama hicho ukikipeleka popote, mwanasheria wa kampuni atauliza: upele wa nini? Wa dagaa? Wa joto la Februari? Kwa hiyo nenda na tyubu ndani ya mfuko, na uombe kwa adabu: "Daktari, naomba uandike jina la krimu hii na namba yake ya bechi, na kwamba nimeitumia tangu tarehe fulani." Bechi ni fungu la bidhaa zilizotengenezwa kiwandani pamoja, na namba yake tutaitafuta Hatua ya 3. Usimlazimishe aandike kwamba krimu ndiyo iliyosababisha, hilo hawezi kuliona kwa macho, na ukimsukuma atakataa yote. Anachoweza kuandika ni kile ulichomweleza na kile alichokiona yeye. Kinatosha kuanzia.

Piga picha za ngozi yako mchana, karibu na dirisha, bila kichujio chochote cha urembo. Weka sarafu pembeni ya jeraha ili ukubwa ujulikane. Rudia siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, pahala pale pale.

*Umefanikiwa ukiwa na:* cheti chenye tarehe, muhuri, jina la bidhaa na maelezo ya kilichoonekana mwilini.

Hatua ya 2: Fungasha bidhaa, na usiirudishe dukani

Mdogo wangu wa kike alinunua krimu Wete. Wiki ya tatu mashavu yakawa mekundu kama yaliyopitiwa na moto, kisha yakaanza kuwa meusi. Alirudi dukani na tyubu mkononi. Mwenye duka hakubishana hata kidogo. "Pole sana, dada'angu. Lete hiyo, chukua pesa yako, yaishe." Akampa noti mbili, ya elfu kumi na ya elfu mbili, akaichukua tyubu akaitia chini ya meza. Mdogo wangu alitoka akimshukuru kwa uungwana.

Nilipofika Pemba Ijumaa yake tulirudi pamoja kuiomba. Haikuwepo. Rafu ilikuwa imepangwa krimu ya aina nyengine, na yule bwana hakukumbuka kwamba aliwahi kuiuza ile. Tulibaki na uso ulioungua na noti mbili.

Kwa hiyo: bidhaa haitoki mikononi mwako ila kwa afisa wa serikali anayekuandikia kwamba ameipokea. Hata ukiahidiwa mara tatu ya bei.

Ifungashe hivi. Funga kifuniko, usiifute wala usiioshe. Usiihamishie kwenye kopo jengine, kwa sababu aliyeshitakiwa atasema kilichopimwa ni cha kopo lako. Itie mfuko wa kwanza, utoe hewa, uufunge. Kisha mfuko wa pili. Juu ya mfuko andika tarehe, saa, jina lako, na jina la mtu mzima aliyeshuhudia ukifunga. Boksi na risiti vikae mfuko wao. Weka pahala pakavu, pasipo jua, mbali na watoto na mbali na chakula. Kwenye friji ya nyumbani usiweke.

Kama bidhaa kama yako bado ipo dukani na bechi ni ile ile, mtume mtu akanunue moja ambayo haijafunguliwa, adai risiti ya kielektroniki, na asiifungue kamwe. Inauma kuwapa pesa tena, najua. Lakini kopo lililofungwa kiwandani linafunga mdomo wa yule atakayesema umechanganya mwenyewe nyumbani.

Na mkorogo je? Mkorogo wa saluni hauna lebo, na mlolongo wake unakatikia kwa aliyeukoroga. Huyo ndiye wa kwanza kuripotiwa. Ukiweza kupata makopo matupu aliyochanganyia, au hata picha zake, umepata pa kuendelea.

*Umefanikiwa ukiwa na:* mfuko uliofungwa ambao huna haja ya kuufungua tena, na shahidi anayejua lini ulifungwa.

Hatua ya 3: Soma lebo mpaka uipate bechi

Fanya hii kabla ya kufunga mfuko, au soma kupitia plastiki. Kwenye daftari nakili herufi kwa herufi: jina kamili la bidhaa, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, mtengenezaji na anuani yake, mwagizaji kama ametajwa, na viambato vyote.

Namba ya bechi ndiyo inayowashinda watu. Mara nyingi haikuandikwa kwa wino. Imegongwa kwenye ule ukingo bapa ambapo tyubu imebanwa. Ukiitazama moja kwa moja hutoiona. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, uilaze ubavu ili mwanga upite juu ya ukingo kwa mshazari. Tarakimu zitajitokeza kwa vivuli vyake. Mpe mtu mwengine ashike tochi, wewe piga picha. Kwenye chupa za dawa itafute shingoni, au chini ya kitako.

Kwa nini naisisitiza hivi? Kwa sababu kiwanda kinatengeneza kwa mafungu, na bidhaa zikiondolewa sokoni huondolewa kwa bechi. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba vipimo vyake vimeonyesha kiwango kikubwa cha kemikali ya sumu iitwayo daiethilini glaikoli katika dawa moja ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwamo, zikaagiza iondolewe. Kilichotafutwa madukani kilikuwa bechi iliyotajwa kwa namba. Mzazi aliyekuwa na boksi aliweza kujua kwa dakika moja kama chupa yake imo. Aliyelitupa alibaki kubahatisha.

Kwenye viambato tafuta maneno haya kama yalivyoandikwa: mercury, mercurous chloride, calomel, mercuric, mercurio. Hayo yote ni zebaki. Tafuta pia hydroquinone (kemikali ya kung'arisha ngozi), clobetasol na betamethasone. Soma na maonyo: lebo ikikwambia krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira, hiyo ni dalili ya zebaki, kwani zebaki hushikana na madini hayo. Mwanamke wa hapa anayevaa bangili zake kila siku alichukue onyo hilo kwa uzito. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka kikomo cha sehemu moja ya zebaki katika milioni kwa vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kikomo hicho, yaani vipodozi visitiwe zebaki kabisa.

Lebo isiyo na viambato, isiyo na bechi, au yenye mtengenezaji asiye na anuani, ni kosa la kuripoti peke yake. Usiseme "sina ushahidi" kwa sababu lebo ni tupu. Utupu wake ndio ushahidi.

Neno dogo kuhusu mistari ya bakodi. Watu husema tarakimu za mwanzo zinaonyesha nchi ilipotengenezwa. Haziko hivyo. Zinaonyesha kampuni ilipojiandikishia namba hiyo. Iliyoanza na 620 imesajiliwa Tanzania, lakini kilichomo ndani kinaweza kuwa kimetoka kwengine kabisa. Usiandike nchi kwa kufuata bakodi.

*Umefanikiwa ukiwa na:* bechi iliyonakiliwa na kupigwa picha, inayosomeka na mtu ambaye hajaiona tyubu.

Hatua ya 4: Ripoti ZFDA kabla ya kumwambia muuzaji

Huu mpangilio ni muhimu na watu huugeuza. Huanza kugombana dukani, jioni rafu inasafishwa, asubuhi mkaguzi anakuta sabuni na viberiti. Anza na mkaguzi.

Dawa na vipodozi hapa kwetu vinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2006. Ina ofisi Unguja na Pemba, ina wakaguzi na ina maabara. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo ukiwa hapa hapo ndipo mlango wako wa kwanza, hata kama boksi limeandikwa kila kitu cha Dar es Salaam.

Nenda mwenyewe na mifuko yako. Andika malalamiko kwa ukurasa mmoja: ulinunua lini, wapi, kwa bei gani, ulitumia vipi, kilitokea nini, bechi gani. Kisha omba mambo matatu waziwazi: bidhaa ipimwe, mkaguzi achukue sampuli dukani, na upewe maandishi ya matokeo. Ikiwa ni dawa, omba pia kujaza fomu ya athari za dawa.

Sampuli aliyoichukua mkaguzi mwenyewe, akaifunga kwa lakiri na kuisaini mbele ya mwenye duka, ina uzito kuliko ya kwako. Ya kwako ndiyo inayomfikisha pale. Kama ulinunua tyubu ya pili isiyofunguliwa, sema.

Ukikabidhi bidhaa, usiondoke bila karatasi yenye jina la afisa, tarehe, maelezo ya kilichopokelewa na bechi yake. Kama una bidhaa mbili, kabidhi moja ubaki na moja. Andika kwenye daftari siku utakayorudi kuulizia, na urudi siku hiyo. Faili linaloulizwa hutembea.

Onyo: usitangulize picha mtandaoni zenye jina la duka au kampuni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu cha 16 kinamhusu anayesambaza habari za uongo. Wewe unasema kweli, lakini kabla ya kipimo huna cha kuonyesha, na kampuni yenye mwanasheria itakugeuza mshitakiwa katika shauri lako mwenyewe. Subiri karatasi ya maabara.

*Umefanikiwa ukiwa na:* namba ya malalamiko au karatasi ya kupokelewa, na jina la afisa wa kumuulizia.

Hatua ya 5: Fuata mlolongo wa mzigo

Duka lilinunua kwa muuzaji wa jumla, yeye kwa mwagizaji, naye kwa kiwanda. Barua yako lazima iwafikie wote, kwa sababu kila mmoja atasema ni mwenzake.

Mwandikie mwenye duka barua fupi akutajie alikonunua. Kwa kawaida atataja haraka, maana asipotaja mzigo unamwangukia peke yake. Mweleze hivyo kwa upole: "Bwana, mimi sitaki kukufungia riziki yako. Nitajie aliyekuletea, na barua yangu ya pili iende kwake." Wengi wa wenye maduka madogo Darajani au Chake Chake nao wameuziwa wasichokijua, na ukiwa na heshima huwa mashahidi wako wazuri.

Mwagizaji akiwa Bara, utahitaji milango ya huko pia. Tangu mwaka 2019 kazi ziligawanywa: dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Watu wengi bado wanapeleka malalamiko ya krimu kwa "TFDA", jina la mamlaka ya zamani ambalo halipo tena, na barua zinazunguka. Krimu ni TBS. Dawa ya kikohozi ni TMDA. Waambatishie nakala ya karatasi ya ZFDA.

Mzigo ulioingia kwa begi la abiria wa boti hauna mwagizaji wa kumwandikia. Hapo aliyeuleta ndiye mwagizaji.

Hatua ya 6: Andika barua ya madai

Barua ya madai ni ya baridi. Haina matusi, haina "Mungu atawalipa", haina vitisho vya polisi. Ina tarehe, namba na madai. Ipige chapa, isaini, toa nakala nne: mtengenezaji, mwagizaji, duka, na yako. Iende kwa njia inayoacha alama: posta ya rejesta, au mkononi kwa kusainiwa nakala yako, pamoja na barua pepe. Mfano:

*Kwa: Mkurugenzi, (jina la kampuni)*

*YAH: MADHARA YALIYOTOKANA NA (JINA LA BIDHAA), BECHI NAMBA (…)*

*Mimi (jina), mkaazi wa shehia ya (…), nilinunua bidhaa tajwa tarehe (…) katika duka la (…), kwa shilingi (…). Niliitumia kama maelekezo ya lebo yalivyotaka, tangu tarehe (…) hadi tarehe (…). Tarehe (…) nilipata (dalili). Nilitibiwa (hospitali) tarehe (…). Nakala ya cheti imeambatishwa.*

*Bidhaa imeripotiwa ZFDA tarehe (…). Sampuli imehifadhiwa.*

*Nadai: (1) mnijulishe kwa maandishi viambato kamili vya bechi hii na matokeo ya vipimo vyake vya kiwandani, (2) mnijulishe hatua mtakazochukua kuiondoa sokoni, (3) mnilipe gharama zilizoorodheshwa, jumla shilingi (…), na fidia ya maumivu na makovu.*

*Naomba jibu ndani ya siku 21.*

Dai la kwanza na la pili wengi huyaacha. Msiyaache. Kampuni inaweza kukulipa wewe ikaendelea kuuza. Swali la bechi na la kuondoa sokoni linawalazimisha kuandika kitu, na wakikaa kimya, ukimya wao nao unaingia kwenye faili.

Orodha ya gharama itoke kwenye daftari: dawa, kipimo, nauli ya daladala, tiketi ya boti kama ulitoka Pemba kutibiwa Mnazi Mmoja, siku ulizokosa kazi. Kila mstari na tarehe yake. Usiongeze hata mia. Uwongo mmoja wa nauli unachafua ukweli wote wa ngozi yako.

Kama hukuinunua wewe, umepewa zawadi ya harusi au umeazima kwa wifi yako, bado unaweza kudai kwa mtengenezaji. Mahakama ya juu ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1932 katika shauri la mwanamke aliyeugua kwa kinywaji alichonunuliwa na rafiki yake: mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho, awe ndiye aliyelipa au siye. Mawakili wa nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, Zanzibar ikiwamo, huitegemea kanuni hiyo mpaka leo.

Hatua ya 7: Jibu majibu yao

Majibu ya kampuni nimeyaona mara nyingi, na huja ya aina nne.

*"Ngozi yako ina aleji."* Uliza kwa maandishi: onyo la aleji liko wapi kwenye lebo? Kama kiambato hakikutajwa, mtumiaji angejikinga nacho vipi?

*"Umeitumia vibaya."* Jibu kwa maneno ya lebo yenyewe. Kama lebo inasema mara mbili kwa siku nawe ulifanya hivyo, nukuu mstari huo. Kama kweli ulizidisha, sema kweli. Usijenge shauri juu ya jambo litakalobomoka.

*"Hiyo ni feki, si yetu."* Hili ndilo linalowanyamazisha watu, na halipaswi. Waombe waandike kwamba bechi hiyo hawakuitengeneza, na waeleze bidhaa yao halisi inatofautianaje na ya kwako. Wakiandika, wamekupa silaha dhidi ya mwagizaji na duka, ambao sasa wameuza bidhaa bandia. Barua hiyo ipeleke ZFDA siku hiyo hiyo. Wakikataa kuandika, huenda wanajua bechi ni yao.

*"Njoo ofisini tuyamalize."* Nenda na mtu mzima mwenzako, usiende peke yako. Wasikilize. Usisaini chochote siku hiyo, hasa karatasi yenye maneno kwamba hutodai tena au hutosema kwa mtu yeyote. Ichukue, ipeleke kwa msaidizi wa sheria aisome. Makovu ya krimu huendelea kubadilika kwa miezi. Ukisaini wiki ya pili, matibabu ya mwezi wa sita ni yako peke yako.

Pesa ya pole wakikupa, andika kwenye risiti: "Nimepokea kama sehemu ya gharama za matibabu, madai mengine yanaendelea."

Hatua ya 8: Tume, kisha mahakama

Siku 21 zikipita bila jibu la maana, peleka faili lote Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ZFCC, inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 5 ya 2018 inayohusu pia kumlinda mtumiaji. ZFDA inashughulika na usalama wa bidhaa. ZFCC inashughulika na wewe kama mnunuzi uliyedanganywa au kuumizwa. Watu hupeleka pahala pamoja tu wakadhani wamemaliza. Peleka kote. Walioko Pemba wapige simu kwanza kuuliza malalamiko yanapokelewa wapi kisiwani, kabla ya kulipa nauli ya boti.

Mahakama ni ya mwisho, na usiende bila msaada. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina watu Unguja na Pemba, na wasaidizi wa sheria wapo wilayani. Mwulize sheha wako atakuelekeza. Usikae mwaka mzima ukingoja kampuni ijibu: madai ya fidia yana muda wake kisheria, na msaidizi wa sheria ndiye wa kukwambia wako umebaki kiasi gani.

Kama mmeumia wengi kwa bechi moja, nendeni pamoja. Wanawake watano wenye vyeti vitano na bechi moja hawawezi kuambiwa wote wana aleji. Pitisheni swali kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kwenye harusi, skuli kwa walimu: nani mwengine alinunua hii? Kila mmoja awe na daftari lake na cheti chake.

*Umefanikiwa ukiona:* tangazo la bechi kuondolewa sokoni, au barua ya kampuni inayokiri na kutaja malipo, au hati ya kuitwa shaurini. Ukipata la kwanza tu bila pesa, bado ni jambo kubwa. Rafu imesafishwa kwa mkono wa sheria, na safari hii kuna maandishi.

Shauri likiisha: usitupe mabaki

Tyubu iliyobaki usiitupe jaani, usiichome, na usiimwage chooni. Kama ina zebaki, moshi wake ni sumu na maji yake huishia kwenye visima vyetu. Irudishe ZFDA ikateketezwe, na uchukue karatasi ya kuipokea kama ile ya kwanza. Mataulo na foronya ulizotumia wakati ule zitoe pia, hasa kama mtoto analalia.